Mwanafunzi wa Uuguzi na Jirani Mwenye Homa



Katika mitaa yetu ya Butembo, kijana anapoanza masomo ya uuguzi au ya udaktari, majirani humpandisha cheo siku hiyohiyo. Huitwa "dokta" kabla hajamgusa mgonjwa. Jioni hubishiwa hodi: mtoto ana homa, shangazi anakohoa, tutajie dawa ya kununua farmasi. Mara nyingi inayotajwa ni antibiotiki: amoksisilini, ampisilini au siprofloksasini. Nami naona kwamba elimu ya mwanafunzi huyo hupimwa hapo mlangoni kuliko katika mtihani wa chuo.

Darasani amekwisha kufundishwa kwamba antibiotiki hupigana na bakteria, wala hizo zilizotajwa haziponyi mafua ya virusi wala malaria. Anajua kwamba dawa ikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa na walio sugu hubaki, wakazaana. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya juu ya dozi pungufu tangu mwaka 1945. Hata hivyo, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumizwa zaidi.

Tazameni jambo la tifoide. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba anayo? Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta katika damu alama za kinga ya mwili. Lakini alama hizo zaweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani, na hata malaria yaweza kukidanganya kipimo. Uthibitisho wa kuaminika ni kuotesha damu katika maabara, kazi isiyowezekana katika vituo vyetu vingi. Basi homa hupewa jina la tifoide, na siprofloksasini hutolewa. Tifoide ya kweli ipo, na yaweza kutoboa utumbo. Siku itakapokuja, dawa iwe bado na nguvu. Mwaka 2019 watafiti walieleza aina ya Salmonella, ya jamaa moja na tifoide, iliyopatikana katika damu ya wagonjwa wa Kongo, nayo ilikuwa haisikii dawa nyingi tunazozitegemea.

Wengine husema: wafundishwe zaidi. Sikubali kwamba hilo latosha. Mwanafunzi akiwa katika mazoezi hospitalini huweza kumwona mkubwa wake akiandika antibiotiki mbili kwa mafua, naye hunyamaza, kwa kuwa alama zake zimo mikononi mwa mkubwa huyo. Akirudi nyumbani hukutana na mama mwenye faranga za kununua vidonge sita tu, badala ya dozi nzima. Mama huyo si mjinga. Anagawanya umaskini wake kama anavyogawanya unga. Kumkemea ni kazi rahisi mno.

Sisi pia tuna sehemu yetu. Tukiacha kumdai mwanafunzi jina la dawa, tutamwondolea aibu ya kusema "sijui, apimwe kwanza". Vikundi vyetu hukusanya mchango wa mazishi upesi sana, tena kwa ukarimu. Mchango wa kipimo cha malaria, au wa kukamilisha dozi aliyoandikiwa mgonjwa, ni mdogo kuliko bei ya sanduku. Naye mwanafunzi, badala ya kutaja dawa, aulize homa ina siku ngapi, mgonjwa amekwisha kumeza nini, na vidonge hivyo vilitoka wapi. Na kama mtoto hanyonyi, anapumua kwa shida au ana degedege, aache maswali, amsindikize mama mpaka kituo cha afya, asingoje asubuhi.