BARABARA YA 66 HAIKUFA KWA UZEE

Tulipokuwa tukijadili maendeleo hapa chamani, ndugu yetu mmoja wa kidato cha nne alitoa mfano wa Marekani. Ati Wamarekani hawana mchezo, barabara ikizeeka wanaitupa na kujenga nyingine! Akaitaja Barabara ya 66, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu ninayo.

Barabara hiyo ilipewa nambari yake mwaka 1926. Ilianzia Chicago, ikapita majimbo manane mpaka Santa Monica, California, kando ya Bahari ya Pasifiki, mwendo wa kilomita 3,900 hivi. Wala haikunyooka. Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa aliyekuwa miongoni mwa wapangaji, alipigania ipite mjini kwake (kila mwamba ngoma, si ndiyo?). Ikakata katikati ya miji midogo, na kila mji ukapata vituo vya petroli, hoteli na vyumba vya wageni. Miaka ya 1930, ukame na vumbi vilipowafukuza wakulima wa Oklahoma, wengi walipitia humo kwenda California, magodoro juu ya magari.

Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu mpya, pana, zinazoiepuka miji. Sikatai, ile ya zamani ilikuwa nyembamba na iliua watu wengi. Sehemu zake ziliitwa 66 ya Damu. Tena haikuwa tamu kwa wote. Msafiri mweusi alikataliwa hotelini mara nyingi, hata ikabidi atembee na kitabu cha kumwonyesha mahali atakapopokewa.

Sawa, barabara mpya ijengwe. Lakini wale watu je?

Chukua mji wa Seligman, Arizona. Tarehe 22 Septemba 1978 barabara mpya ilifunguliwa kando yake. Angel Delgadillo, kinyozi wa hapo, alisimulia kwamba magari yalikatika siku hiyohiyo. Yaani asubuhi una wateja, jioni unahesabu nzi! Maduka yakafungwa, vijana wakahama. Mwaka 1985 nambari 66 ikafutwa kabisa katika orodha ya barabara za taifa.

Kinyozi hakuhama. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama, wakaisumbua serikali ya jimbo mpaka mwaka huohuo ikaitambua njia ya Seligman hadi Kingman kuwa barabara ya kihistoria. Vibao vikasimikwa, watalii wakaja, hata kutoka Ulaya, na chai ikauzwa tena.

Sasa niambieni, wapiga makofi. Kama kibao cha njia kiliweza kurudisha wageni, serikali yenye pesa za kumwaga lami maelfu ya kilomita ilishindwa nini kukisimika mwaka 1978, kabla maduka hayajafungwa?