Mambo ya Motokaa: Stata Isagayo Meno

Mkulima mmoja wa upande wa Kirinyaga ameniletea swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwa maana wenye malori ya zamani hukutana nalo mara kwa mara. Lori lake ni Bedford la petroli lenye silinda 6, la aina ile ya J iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1958. Asubuhi akivuta swichi, stata hutoa kelele kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka, na injini haizunguki. Akijaribu tena mara tatu au nne, injini huwaka ghafula kana kwamba haikuwa na neno. Fundi amemwambia kwamba stata imekufa, anunue nyingine. Naye anafikiri kumwuza mtamba wake ili apate fedha kabla ya mavuno ya kahawa.

Bwana mkulima, usimwuze mtamba bado. Naelewa haraka yako, kwani buni zilizochumwa leo yapasa zimenywe leo leo, na zikilala ndani ya lori usiku kucha huchacha na daraja yake hushuka. Lakini stata iliyokufa haifufuki kwa jaribio la nne. Kile ulichoniandikia, kwamba mara huwaka na mara hukataa, chaonyesha kwamba ugonjwa huenda hauko ndani ya stata kabisa.

Ili tuelewane, kwanza tutazame kazi yenyewe. Nyuma ya injini liko gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili, na ukingoni mwake imevikwa pete ya chuma yenye meno, kwa kawaida zaidi ya 100. Stata ina gia ndogo yenye meno 9 au 10 hivi, ambayo mafundi wetu huiita bendiksi, kwa jina la Vincent Bendix wa Marekani. Katika malori mengi ya petroli ya Uingereza ya miaka ile, gia hiyo hukaa juu ya mhimili uliochongwa kama skrubu. Stata ikianza kuzunguka kwa ghafula, gia hubaki nyuma kwa uzito wake, hivyo husukumwa na ile skrubu hata ikaingiana na pete ya flaiwili. Injini ikiwaka, pete huenda mbio kuliko gia, nayo gia hutupwa ikarudi mahali pake. Ni akili nzuri sana, na watu walioanza kuendesha kabla ya Cadillac kutoa motokaa zenye stata ya umeme ya Charles Kettering, kwa mwaka wa 1912, walijua thamani yake. Hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono.

Sasa sikiliza sauti. Jioni, washa taa kubwa, kisha mtu avute swichi nawe ukiwa umesimama kando ya lori, si mbele yake. Gia iwe fri na breki ya mkono iwe imevutwa. Taa zikififia karibu kuzimika na injini ikizunguka kwa uvivu au isizunguke, shaka iko katika betri au katika nyaya. Safisha vichwa vya betri vilivyoota ukoko mweupe au wa kijani kwa maji ya moto yenye magadi, ukiangalia yasiingie ndani ya betri. Tazama pia waya mnene uunganishao injini na chesisi, kwani wengi huusahau kwa kuwa umejificha chini. Taa zikibaki na nguvu, na stata ikivuma kama nyuki pasipo kuigusa injini, basi bendiksi imekwama kwa uchafu au springi yake imevunjika. Iliyokwama huoshwa kwa mafuta ya taa ikaachwa ikauke. Usiipake grisi wala oili nzito, kwa sababu vumbi la klachi hunata hapo na baada ya muda mfupi utarudi pale pale.

Lakini ikiwa ni kusaga hasa, chuma juu ya chuma, tafuta habari za meno. Hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Injini inapozimwa haisimami popote ipendapo. Pistoni inayopanda huminya hewa, na hewa hiyo huirudisha nyuma kidogo, basi injini hutulia karibu na mahali pale pale kila siku. Injini ya silinda 6 ina mahali patatu pa kusimama katika mzunguko mmoja; ya silinda 4 ina pawili. Kwa hiyo gia ya stata hugonga pete mahali hapo hapo miaka nenda miaka rudi, na hapo meno huliwa, hali mengine yote yamebaki kama mapya. Injini ikisimama penye meno yaliyoliwa, stata husaga. Ukiisukuma kidogo kwa kujaribu tena na tena, hupata meno mazima, nayo huwaka.

Kuhakikisha si kazi ngumu, wala haihitaji fedha. Stata ikisaga, acha. Zima swichi, tia gia ya juu, vijana walisukume lori kwa hatua moja au mbili, kisha rudisha gia fri na ujaribu tena. Ikiwa sasa stata inashika vizuri, na jambo hilo likijirudia siku tatu nne, stata haina hatia. Kisha fungua waya wa betri, ukianza na ule uendao kwenye chesisi, uiteremshe stata, na utazame ndani ya tundu lake kwa tochi. Toa plagi, zungusha injini polepole kwa hendeli, au kwa spana juu ya nati ya puli ya mbele, na utie alama ya chaki kila uonapo meno yaliyochongoka au kuvunjika. Zikiwa alama tatu zilizoachana sawasawa, umekwisha kupata jibu.

Stata ikiwa mezani, shika mhimili wake uutikise. Ukicheza sana, bushi imelika na gia haikai sawa na pete. Bei ya bushi ni ndogo. Angalia pia boliti za kuifungia, maana stata iliyolegea husaga hata kama meno ni mazima, na nimeona lori la chama kimoja cha wakulima lililonunuliwa stata mbili katika msimu mmoja kwa ajili ya boliti iliyolegea.

Meno ya pete yakiwa yameliwa, sharti gia boksi na klachi vishushwe. Huko ndiko gharama iliko, katika kazi zaidi kuliko vipuri. Hata hivyo pete si lazima itupwe. Mara nyingi imevikwa kwa moto tu. Fundi hodari aweza kuitoa, akaigeuza nyuzi 60, yaani nusu ya nafasi iliyo kati ya alama mbili, akaivika tena, na meno mazima yakaja mahali pa kazi. Ipashwe moto sawasawa pande zote hata chuma kilichosuguliwa kigeuke manjano hafifu kama nyasi kavu. Ikiwa nyekundu, ugumu wake umepotea. Upande wa meno uliochongwa kidogo ili kuipokea gia ubaki upande wa stata. Wako wanaojaza meno kwa kuchomelea. Mimi sipendi kazi hiyo, kwa kuwa meno hayo hayalingani wala hayadumu. Gia ndogo nayo ikiwa imeliwa, ibadilishwe wakati huo huo.

Dereva naye aambiwe: asivute swichi mara ya pili kabla injini haijatulia kabisa. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, pete huizungusha gia ndogo zaidi ya mara 10,000, na jino likivunjika hapo si ajabu. Tena desturi ya kulaza lori mteremkoni ili liwashwe kwa kuporomoka si dawa. Jiwe la gurudumu likiteleza usiku, lori lenye mzigo halina wa kulizuia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitamjibu msomaji wa Kitale juu ya dinamo isiyojaza betri.