Sifuri ya gololi

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Walipewa kazi ya kutengeneza mashine ya mfuatano: gololi inateremka kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa, inaangusha dhumna, dhumna ya mwisho inavuta uzi, uzi unapindua kopo la maji, na kuendelea hivyo hivyo hatua 20 mpaka bendera ipande. Wiki tatu sebule ya dada haipitiki. Daftari lake lina majaribio 43, kila moja na sababu ya kukwama: bomba limelala mno, dhumna zimeachana mno, fundo limelegea. Siku ya maonyesho gololi ikagoma hatua ya 17. Mwalimu akampa sifuri. Daftari hakulifungua.

Mshindi je? Mashine ya fundi seremala, imelipiwa na baba mtu na kupakwa vanishi. Mtoto mwenyewe alipoulizwa inafanyaje kazi akabaki kucheka.

Hebu tupige hesabu ambayo mwalimu wa sayansi alipaswa kuipiga. Hatua moja ikikubali mara 19 kati ya 20, si mbaya, au siyo? Lakini ukiunga hatua 20 za namna hiyo, mashine nzima itafika mwisho kama mara 7 tu kati ya 20. Sasa kumpa mtoto nafasi moja ni mtihani au bahati nasibu? Honda, pamoja na mabilioni yao, tangazo lao la "Cog" la mwaka 2003, la vipuri vya gari vinavyosukumana kwa dakika mbili, linasimuliwa kwamba lilirudiwa mara 606!

Rube Goldberg, Mmarekani ambaye mashine hizi zinaitwa kwa jina lake, alisomea uhandisi kisha akachora katuni za kuwacheka wanaofanya jambo jepesi kwa njia ndefu. Shuleni hiyo njia ndefu ndiyo somo lenyewe, na imeandikwa daftarini.

Mtasema mwalimu ana wanafunzi 80. Nakubali, tena mshahara wenyewe tunaujua. Lakini kusoma kurasa mbili hakuchukui muda kuliko kusubiri gololi.

Jana usiku akaniita, "Mjomba, njoo uone." Amegundua kuwa meza ya ukumbini ilikuwa imeinama, akainamisha ya nyumbani vilevile, akasogeza dhumna mbili. Bendera ikapanda. Akaandika: jaribio la 45.