Ghala la nafaka likigeuka mgahawa, nani anabeba mzigo?

Desemba 20, 2024 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu ambayo haikuwahusu wasafirishaji wala wenye migahawa, lakini pande zote mbili zina sababu ya kuisoma. Waliofungua kesi ni wakazi wa mtaa wa Bromwell, eneo la Woodstock mjini Cape Town. Nyumba walizokuwa wamepanga zilinunuliwa na mwekezaji, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikawaamuru wahame. Halmashauri ya jiji ilikuwa tayari kuwapa makazi ya muda, ila mbali na mji. Mahakama ya Katiba ilisema utaratibu huo unakiuka katiba, ikaipa halmashauri miezi sita kuwatafutia mahali Woodstock kwenyewe, Salt River au katikati ya jiji.

Woodstock ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa viwanda, uliobanwa kati ya reli na mlima. Kwa nini ardhi yake igombewe kiasi hicho? Jibu mojawapo, ingawa si la pekee, liko jirani kabisa na mtaa wa Bromwell. Linaitwa Old Biscuit Mill.

Hapo zamani palitengenezwa biskuti za Pyott. Kiwanda kilipokufa majengo hayakubomolewa, yalikarabatiwa. Mwaka 2006 likaanza soko la vyakula la kila Jumamosi. Mwaka 2010 mpishi Luke Dale-Roberts akafungua mgahawa wa The Test Kitchen, ambao mwaka 2016 ulishika nafasi ya 22 katika orodha ya migahawa 50 bora duniani. Mgahawa wake mwingine, The Pot Luck Club, ukawekwa juu kabisa ya silo ya kiwanda hicho, mteja anakula huku anatazama mlima upande mmoja na bandari upande wa pili. The Test Kitchen ulifungwa mwaka 2021, lakini Woodstock haikurudi kuwa mtaa wa viwanda.

Ikumbukwe kuwa kesi ya Bromwell haikuwa dhidi ya kiwanda cha biskuti. Hata hivyo mwekezaji hanunui nyumba chakavu kwa sababu ya nyumba. Hununua kwa sababu ya kinachoonekana kuja jirani.

Kilomita chache kutoka hapo, bandarini, kuna silo nyingine kubwa zaidi, na historia yake inawagusa wafanyabiashara wa nafaka moja kwa moja. Ujenzi wake ulianza mwaka 1921 na kukamilika 1924. Ilikuwa na urefu wa mita 57, na kwa miaka mingi hakukuwa na jengo refu kuliko hilo Afrika kusini mwa Sahara. Mahindi yalifika kwa reli kutoka bara, yakapimwa, yakapangwa kwa daraja, yakamiminwa bila gunia ndani ya mitungi 42 ya zege, kisha yakashushwa melini. Mfanyabiashara wa Tanzania anayeufahamu mfumo wa stakabadhi ghalani chini ya sheria ya mwaka 2005 ataelewa mara moja faida yake: mzigo ukishapimwa na kupewa daraja, hakuna haja ya kufungua kila gunia.

Kufikia mwaka 2001 kazi ya nafaka ilikuwa imekwisha. Jengo likabaki limesimama, na kulibomoa halikuwa jambo jepesi. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inakataza kubomoa au kubadili jengo lenye zaidi ya miaka 60 bila kibali. Na silo ni jengo gumu kulipatia kazi nyingine, kwani halina madirisha wala sakafu za ghorofa. Mwishowe kampuni ya V&A Waterfront ilimpa kazi mbunifu Thomas Heatherwick wa Uingereza. Mitungi ilikatwa kwa ndani kufuata umbo la punje ya mahindi lililokuzwa mara nyingi. Septemba 2017 jumba la sanaa la Zeitz MOCAA likafunguliwa humo. Miezi michache kabla, sehemu ya juu ya mnara ilikuwa imeshageuzwa hoteli yenye vyumba 28, mgahawa, na baa paani. Gharama ya kugeuza silo kuwa jumba la sanaa ilitajwa kuwa randi milioni 500.

Tofauti ya silo hizi mbili ndiyo inayofaa kuangaliwa. Ile ya bandarini ilikuwa ndani ya eneo lenye mmiliki mmoja, hakukuwa na familia za wapangaji ukutani kwake. Ile ya Woodstock ilizungukwa na watu. Chakula ni kilekile na mvinyo ni uleule, lakini ni sehemu moja tu iliyoambatana na kesi ya kuhamishwa.

Kwa msafirishaji kuna hesabu nyingine. Silo ilihitaji mabehewa; mgahawa unahitaji kilo 50 za samaki leo asubuhi, katoni kadhaa za mvinyo Ijumaa, na mboga kila siku. Mzigo haujaondoka, umekatwa vipande vidogo. Gari linalotakiwa ni dogo lenye jokofu, si lori la tani 30, na dereva anatakiwa afike kabla wateja hawajajaa barabarani. Malipo mara nyingi husubiri ankara ya mwezi. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia, ila akiwa na mteja mmoja tu anatembea juu ya kamba.

Hilo lilionekana wakati wa korona. Kati ya Machi 2020 na Julai 2021 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe mara nne. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mgahawa uliweza kuuza chakula cha kubeba. Aliyekuwa akisambaza mvinyo peke yake hakuwa na cha kubeba.

Afrika Mashariki haina silo ya namna hiyo iliyogeuzwa hoteli, lakini chanzo cha mambo haya kipo. Ghala halifi kwa uchakavu, hufa mzigo unapobadili njia. Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo ya Nairobi na kwingineko bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Wenye malori na wenye yadi za makontena Mombasa wakaandamana, na agizo lilikuja kuondolewa Septemba 2022, baada ya Rais William Ruto kuapishwa. Katika miaka hiyo mitatu kuna yadi zilizobaki tupu. Tanzania nayo ilianza kusafirisha abiria kwa SGR mwaka 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro kisha Dodoma, na kadiri mizigo itakavyohamia reli mpya, mabanda ya mizigo kando ya reli ya zamani yatatafutiwa kazi.

Mabanda hayo yana kila kitu mwenye baa anachokitafuta: paa la juu, kuta nene, mlango mpana wa kupakilia, na mara nyingi yapo karibu na katikati ya mji. Kwa mwenye ardhi, kiti cha mnywaji bia kinaweza kulipa kuliko kreti ya nyanya. Waliomo ndani leo ni wapangaji: wenye maduka ya jumla, mafundi wa matela, wachambuzi wa mitumba, wapakiaji wa kulipwa kwa siku. Wengi wao wamekodi kwa mkataba wa mwezi, wengine kwa mdomo, na mkataba wa namna hiyo ni rahisi kuvunjwa.