Wasio na kwao nao wana Krismasi

Wiki hii vituo vya mabasi katika miji yetu vimejaa. Dar es Salaam, Wachaga wanafunga safari ya kwenda Moshi kama wafanyavyo kila Desemba. Nairobi, abiria wa Kakamega na Kisii wanalalamikia nauli iliyopanda, lakini wanalipa. Kampala, vituo vya teksi vimefurika watu waliobeba kuku, sukari na nguo mpya za watoto. Krismasi katika ukanda huu ni siku ya kwenda nyumbani.

Lakini wapo wasiosafiri. Maduka yakifungwa usiku wa mkesha, wao watatandika maboksi barazani, watajifunika magunia, na wataomba mlinzi wa zamu awe mpole. Tuna majina mengi ya kuwaita. Nairobi ni chokoraa, neno linalotokana na kuchokora mapipa ya taka. Kigali na Goma ni mayibobo. Mahali pengine tunasema tu watoto wa mitaani, kana kwamba mtaa ndio uliowazaa. Majina haya yote yanasema wanapolala na wanachokula. Hakuna hata moja linalosema ni watoto wa nani.

Kwa Mkristo, jambo hili si la pembeni katika sikukuu. Ndiyo sikukuu yenyewe. Injili ya Luka inaeleza kwamba Yusufu na Mariamu walisafiri hadi Bethlehemu kwa sababu serikali ilitaka kuhesabu watu. Walipofika hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto akalazwa mahali pa kulishia ng'ombe. Mathayo anaongeza kwamba muda si mrefu familia hiyo ilivuka mpaka usiku kwenda Misri, ikikimbia mfalme aliyetaka kuua watoto. Kwa lugha ya leo, Yesu alizaliwa bila makao na akawa mkimbizi angali mtoto mdogo. Pango tunalolijenga makanisani na kulipamba kwa taa lilikuwa, siku ile, aibu ya mji mzima.

Nasi pia tumehesabu watu wetu. Mwaka 2018 Kenya ilifanya sensa ya familia za mitaani na kuhesabu watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Ilikuwa kazi nzuri, maana huwezi kumpangia mtu usiyejua kama yupo. Lakini kuhesabiwa si kupokewa. Mariamu na Yusufu nao walikwenda kuhesabiwa, na usiku huo hawakupata pa kulala.

Katika miji mingi ya ukanda huu, jibu ambalo wenye mamlaka wamezoea kulitoa ni karandinga. Sikukuu kubwa au mkutano wa viongozi ukikaribia, watu wanakusanywa barabarani ili mji uonekane safi. Wanawekwa kizuizini siku kadhaa, kisha wanarudi palepale, safari hii wakiwa na woga zaidi na bila hata lile gunia walilokuwa nalo. Anayefagia watu kama takataka hajatatua umaskini. Ameuficha tu ili wageni wasiuone.

Na sheria imeshasema. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya uzururaji vilivyokuwamo katika sheria ya nchi hiyo tangu enzi za mkoloni. Kwa hiyo kutokuwa na nyumba si kosa la jinai. Nchi za Jumuiya zilizo na sheria za aina hiyo zisingoje kushitakiwa ndipo zizifute.

Hata hivyo, tusiitupie serikali lawama zote ili dhamiri zetu zilale vizuri. Makanisa yetu nayo yana mtindo wao. Wiki ya Krismasi vijana wa parokia hupika pilau, hupiga picha na watoto, huimba nyimbo mbili tatu, kisha hukunja meza. Hatukidharau chakula hicho. Mwenye njaa haulizi nia ya aliyepika. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamwingiza katika familia: ameshakula, sasa apewe nafasi na kazi kama mwenyeji. Huruma yetu huishia siku ya kwanza. Jembe halifiki.

Kuna pia swali la sadaka ya barabarani. Mwaka 2019 Kampala ilipitisha sheria ndogo inayokataza kuwapa watoto wa mitaani pesa au chakula. Wapo Wakristo walioudhika wakiona wanazuiwa kutenda wema. Sababu yake inaeleweka: wapo watu wazima wanaowatuma watoto, wengi wao kutoka Karamoja, waketi juani na kunyoosha mikono, huku wao wakisubiri kukusanya sarafu jioni. Kila sarafu inayotupwa dirishani humbakiza mtoto pale kesho. Lakini anayekubali hoja hiyo amejifunga kwa jambo jingine. Ukiambiwa usitoe pale, inakubidi utoe penye faida zaidi. Sheria hiyo isigeuke kuwa ruhusa ya kupandisha kioo cha gari kwa moyo mweupe.

Penye faida zaidi ni wapi? Watoto wengi wa mitaani wana mahali walipotoka na ndugu wanaojulikana. Waliondoka kwa sababu ya njaa, kipigo, kifo cha mzazi au vita. Kumtafuta shangazi, kuzungumza na baba wa kambo, kulipia sare na madaftari, kisha kurudi baada ya mwezi kuona kama mtoto bado yupo, ni kazi isiyopendeza katika picha. Ndiyo inayofaa. Nyumba ya kulelea watoto iwe kimbilio la asiye na ndugu kabisa, isiwe njia ya mkato ya kukwepa kazi hiyo.

Kanisa lina mtandao ambao hakuna wizara iliyo nao. Parokia ya Kampala inaweza kumpigia simu katekista wa kijijini Napak. Mchungaji wa Bujumbura anamjua mwenzake wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Tunazungumza kila siku juu ya ushirikiano wa Afrika Mashariki, bidhaa zivuke mipaka bila vikwazo. Mtoto aliyepotea naye avuke akirudishwa kwao, na lugha ya Kiswahili ifanye kazi hiyo kama inavyofanya kazi sokoni.

Kwa usiku wenyewe wa Krismasi, tunaomba jambo moja dogo. Majengo mengi ya makanisa yana kumbi zinazofungwa kwa kufuli ibada ikiisha. Kwa nini ukumbi mmoja katika kila mji usiachwe wazi, ukiwa na mikeka, maji ya kunawa na wazee wawili wa kanisa wa kukesha? Kutakuwa na usumbufu. Huenda kiti kikavunjika na gundi ikanuka. Hata zizi la Bethlehemu halikunukia.

Na kwako msomaji unayesafiri kesho: kabla ya kupanda basi, utampita mtu amelala karibu na kituo. Huenda huna cha kumpa, na pengine sheria ya mji wako imekukataza. Msalimie. Muulize jina lake na alikotoka, kwa sababu yeye naye anakumbuka Krismasi ya kwao ilivyokuwa. Ukirudi Januari, mtafute umuulize tena, na safari hiyo uwe umezungumza na mtu wa parokia yako kuhusu jina hilo.