Majina 13 ya Kindu, na majina yetu



Juma hili kalenda inatuletea tarehe 11 Novemba. Kwa wengi wetu ni siku kama siku nyingine. Lakini katika mji wa Pisa, kule Italia, wazee waliokuwa askari wa ndege wanakutana siku hiyo na jamaa za wenzao waliokufa, na wanataja jina la mji wa kwetu: Kindu. Tumeona vema kuwaletea habari za wazee hao. Jambo wanalolikumbuka lilitendeka katika nchi yetu, na namna wanavyolikumbuka inaweza kusaidia vikundi vyetu.

Tuanze na yaliyotokea, kwa maana vijana wengi hawajapata kuyasikia.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1961, watu wa ndege mbili za mizigo aina ya C-119 walikuwa Kindu, katika Maniema. Ndege zile zilikuwa za Kikosi cha 46 cha jeshi la anga la Italia, chenye makao yake Pisa, na wakati ule zilifanya kazi ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo. Zilileta mahitaji kwa askari wa Malaya waliowekwa pale kulinda amani. Waitalia wale walikuwa 13. Wakubwa wao walikuwa meja Amedeo Parmeggiani na kapiteni Giorgio Gonelli, na kati yao alikuwamo mganga, Francesco Paolo Remotti.

Mnajua nchi ilivyokuwa mwaka ule. Katanga ilikuwa imejitenga. Lumumba alikuwa ameuawa mwezi wa Januari. Mamluki weupe walikuwa wakipigana upande wa Katanga, na mzungu yeyote mwenye nguo za jeshi aliweza kudhaniwa kuwa mmoja wao. Askari wa Kongo waliokuwa Kindu waliwadhania Waitalia wale kuwa Wabelgiji wa Katanga. Waliwakuta wakila chakula cha mchana, wakawakamata, wakawaua wote.

Kwetu sisi wamama, neno linalouma zaidi ni lile la chakula. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyekaa mezani amekwisha kuwa mgeni, hata kama hujui lugha yake. Hatuandiki haya ili kuwahukumu watu wa Kindu. Waliotenda walikuwa watu wenye bunduki, katika siku za hofu, na raia hakuwa na la kusema. Tena tusisahau kwamba kuna mikono iliyowazika. Miili ilifichwa na udongo wa Tokolote, kijiji kilicho karibu na Kindu, katika mashimo mawili. Mwezi wa Februari 1962 ilipatikana, na tarehe 11 Machi 1962 ilifika Pisa.

Hesabuni wenyewe: miezi minne kamili. Miezi minne mama na mke wanangoja, hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna mahali pa kuweka ua. Wengi wetu katika mashariki ya Kongo tunajua kungoja kwa namna hiyo. Wengine tungali tunangoja.

Sasa tuje kwa wazee wa Pisa. Italia ina chama kinachoitwa Associazione Arma Aeronautica, maana yake chama cha watu wa jeshi la anga. Kilianzishwa katika mji wa Torino mwaka 1952, na kina matawi katika miji mingi. Mle mna waliokuwa marubani, mna mafundi wa injini, mna waliobeba mizigo na waliopika. Pembeni yake kuna chama kingine cha familia za waliokufa na waliolemazwa katika jeshi hilo, na kuna shirika linalosaidia watoto yatima wa askari wa ndege wapate kusoma.

Maisha ya vyama hivyo yanafanana sana na maisha ya vikundi vyetu. Kuna mikutano, kuna mchango wa kila mwaka, kuna chakula cha pamoja. Tarehe 10 Desemba wanasherehekea Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wanaosafiri angani. Sababu ni masimulizi ya zamani yanayosema kwamba malaika waliibeba nyumba ya Maria angani, kutoka Nazareti mpaka Loreto. Basi askari wa ndege wakajiweka chini ya mama mwenye nyumba iliyoruka.

Lakini kazi yao kubwa ni kutunza majina. Katika uwanja wa ndege wa jeshi wa Pisa kuna nyumba ya ukumbusho ambamo wale 13 wa Kindu wamelazwa pamoja. Kila mwaka tarehe 11 Novemba wanakwenda pale, jamaa za marehemu, wazee wa chama na askari wa leo wa kikosi kilekile. Misa inasomwa, maua yanawekwa. Katika uwanja mkubwa wa ndege wa Roma, ule wa Fiumicino, kuna jiwe la ukumbusho wao. Miji kadhaa ya Italia ina barabara zenye jina la mashahidi wa Kindu.

Na orodha haikuishia hapo. Tarehe 3 Machi 1977 ndege ya kikosi hicho iligonga mlima Serra, karibu na Pisa, wakafa watu 44, wengi wao vijana wanafunzi wa chuo cha jeshi la maji. Tarehe 3 Septemba 1992 ndege nyingine ilitunguliwa karibu na Sarajevo ikiwa imebeba mablanketi kwa watu wa vita, wakafa 4. Kila tarehe ina watu wake wanaoitunza, na anayezeeka anamwachia kijana.

Msifikiri kwamba huko mambo yote huja upesi. Wale 13 walipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa mwaka 1994. Ni miaka 33 baada ya kifo chao! Mtoto aliyeachwa tumboni alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kama hakungekuwa na watu wa kurudia majina yale mwaka kwa mwaka, nani angekumbuka kuwapa?

Hapo ndipo tunapotaka kusema na vikundi vyetu, wamama.

Sisi pia tuna wajane wa askari. Wanakaa katika kartye zetu, wanauza mkaa na ndizi pamoja nasi, wanaweka makuta yao katika likelemba moja nasi. Siku za kilio tunakuja wengi, tunaleta unga na kuni, tunaimba usiku kucha. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwake, na mjane anabaki na watoto na maswali. Mume wake alifia wapi? Alizikwa na nani? Atakwenda ofisi gani? Na akifika huko anaulizwa karatasi ambazo hajawahi kuziona.

Hatuna nyumba ya ukumbusho wala barabara. Lakini daftari tunaweza kununua. Tunawaomba basi kila kikundi kifanye mambo manne.

La kwanza, andikeni majina. Jina lote la marehemu, namba yake ya matrikule kama inajulikana, kikosi chake, siku na mahali alipokufa. Aliyepotea bila habari aandikwe pia. Mtunza daftari awe mwenye mwandiko mzuri na mdomo mfupi, maana habari za askari si za kutangaza sokoni.

La pili, tengenezeni karatasi mapema. Ndoa iandikishwe komini, isiwe ya kanisa na ya ukoo tu. Mtoto aandikishwe kabla siku 90 kupita tangu azaliwe. Mke wa askari ambaye mume wake yu hai aiandike namba ya matrikule leo, aifiche mahali pakavu. Kufanya hivyo si kumwombea mume kifo. Ni kuwalinda watoto.

La tatu, chagueni siku. Kila mjane ana tarehe yake. Wamama wawili wamtembelee siku hiyo, hata miaka kumi ikipita, hata kama mkononi hamna kitu isipokuwa sabuni moja.

La nne, msiulize marehemu alikuwa askari wa upande gani kabla ya kumhurumia mjane wake. Mtoto wake hakuchagua upande.

Na tarehe 11 Novemba, walio Kindu na popote pale, mkisali jioni, watajeni pia wale 13. Walikuja na mahitaji, wakafa kwetu. Huko Pisa wanasali wakitaja jina la mji wetu. Si vibaya nasi tukasali tukitaja mji wao, kisha tukafungua daftari letu na kuwasoma walio wetu.

Kikundi kitakachoanza daftari kituletee habari, tutaiandika hapa bila kutaja jina la mjane yeyote.