Teknolojia ya afya ianze kwa kusikiliza mgonjwa

HUKU serikali ikizidi kuhamishia huduma za afya kwenye mitambo ya kidijitali, ipo haja ya kurejelea jaribio lililofanyika mtaani Pumwani, Eastlands, ambako salamu ya neno moja ilifaulu pakubwa.

Kati ya 2007 na 2009, kliniki ya Pumwani ilikuwa miongoni mwa vituo vitatu vya utafiti wa WelTel. Vingine vilikuwa hospitali ya Coptic jijini Nairobi na hospitali ya Kajiado. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili lilipokea arafa kila Jumatatu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyekuwa na shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu.

Matokeo yalichapishwa 2010 katika jarida la The Lancet. Waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la arafa, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lile jingine.

Siri ya ufanisi huo haikuwa mtambo. Kwanza, arafa haikutaja ugonjwa wala dawa. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo simu hushikwa na yeyote, kumkumbusha mtu vidonge vyake ni kumwanika. "Mambo" ni salamu ya kila kona ya Eastlands. Pili, arafa iliuliza, na jibu likapata msikilizaji. Nchini Kamerun, utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu arafa za kuwahimiza tu wagonjwa haukuona tofauti ya maana.

Hata hivyo, sifa hizi zisitiwe chumvi. Mbinu iyo hiyo ilipojaribiwa Kibera kwa watu 700 waliokuwa wakianza kuhudumiwa, matokeo ya 2018 yalionyesha kuwa haikuongeza idadi ya waliobaki katika matibabu. Chombo kilichofaa kazi moja hakina budi kupimwa upya kwa kazi nyingine.

Funzo hili laihusu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mwananchi hujisajili kwa intaneti au kwa kubonyeza *147#, kisha huulizwa maswali kuhusu kaya yake ili mchango wake ukadiriwe. Kwa mchuuzi wa mboga asiye na mshahara, swali lisiloeleweka laweza kumtoza asichoweza kulipa.

Yafaa maswali hayo yajaribiwe kwanza na wachuuzi wa Pumwani na Kayole, wakitumia simu zao wenyewe, huku wabunifu wakitazama wanapokwama. Muhimu zaidi, awepo mhudumu wa kupiga simu mwananchi anapojibu "Shida".